Maganda ya Risasi na Ulimi wa Pampu ya Kabambare

Wajukuu zangu, ninyi mnaotaka kushika nyundo, shikeni hili kwanza: shaba si chuma. Chuma ukikitoa motoni kikiwa chekundu ukakizamisha majini, kinakuwa kigumu. Shaba ukiifanyia vilevile, inakuwa laini kama sikio la mbuzi. Ukiigonga sana inakasirika, na ukiirudisha motoni inasamehe. Nimeona vijana wenye mikono mizuri wakipasua bangili tatu kwa siku moja kwa sababu waligonga bila kurudisha motoni, halafu wakasema shaba hii ni mbaya. Mbaya ilikuwa haraka yao.

Mimi ni Mwamini. Sasa mikono inatetemeka na nyundo nimeiweka chini, lakini mkipita nyumba za huku kwetu mkaona bangili nene ya njano kwenye mkono wa bibi harusi wa zamani, iulizeni imetoka wapi. Shaba yangu yote, tangu siku ya kwanza, ilitoka kwenye maganda ya risasi. Wabelgiji waliyaita duye. Sisi tuliyaita maganda, kwa maana risasi yenyewe imekwisha kwenda zake na kilichobaki ni nguo yake.

Mnaniuliza mwanamke aliyapata wapi maganda ya risasi. Aliyapata kwa jembe.

Nilizaliwa Kasongo. Mama alilima mpunga na karanga nje ya mji, mahali ambapo Waarabu na Bula Matari, ndio Wazungu wa serikali, walipigana zamani. Vita vile vilikwisha kabla mama hajazaliwa, lakini ardhi ilikuwa bado inavitapika. Mvua za kwanza zikinyesha, jembe linagusa kitu, linalia kling, unainama, unakuta ganda limevaa kutu ya kijani kama jani bichi. La kwanza nililiokota nikiwa msichana mkubwa, karibu ya kuposwa. Mama akaniona.

"Tupa ile kitu," akasema. "Kila ganda iko na mutu wake."

"Mama, yule mutu anaitwa nani?"

Akaendelea kulima, nami nikalifunga kwenye pindo la kitambaa changu. Kesho yake nikapata jingine. Basi ndivyo mazoea yanavyomwingia mtu, kama kula udongo. Sikujua nitayafanyia nini. Niliyapenda tu. Niliyasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakang'aa, nikayapanga kwa urefu, nikayapuliza midomoni yakapiga mluzi. Baadaye nikagundua kwamba nyuma ya uwanja wa shabaha wa askari, mvua ikibomoa kichuguu cha udongo walichokuwa wakikipiga, yalikuwa yakitoka mengine mapya. Askari walilazimishwa kurudisha kila ganda, lakini nani anaweza kushinda na nyasi ndefu? Walichoshindwa kukiona wao, nilikiona mimi.

Nilipoolewa na Saidi nilikwenda kwake na mikeka miwili, vyungu vinne, na kitunga kizito ambacho shangazi zake walishindwa kukiinua. Walidhani ni mawe ya kusagia. Walipofungua kifuniko, mmoja alikaa chini kabisa.

Saidi alicheka siku ile, lakini maganda niliyoyajaza chini ya kitanda chetu cha kamba yalipoanza kumchoma mgongoni, alisema: "Wanawake wengine wanaficha sukari. Mimi nimeoa mwenye kuficha makalio ya bunduki."

"Sukari inakwisha," nikamjibu.

Kasongo kulikuwa na fundi mmoja, Mzee Ramazani, aliyetengeneza pete, bangili na mikono ya birika. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya darizi ambayo hakuivua hata mbele ya moto. Nilimfuata na kitunga changu kichwani, nikakitua mbele yake. Alichukua ganda moja, akaliuma kwa jino, akanitazama.

"Unauza?"

"Siuzi, baba. Nataka kujifunza."

"Mwanamuke hakaribii tanuru. Chuma itakataa kuyeyuka."

"Hii si chuma, baba. Ni shaba."

Aliligeuza ganda vidoleni mara mbili tatu. Wakati ule alikuwa amekaa miezi miwili bila shaba, nami nililijua hilo kabla sijaondoka nyumbani. Mwisho akasema, "Kuja kesho na kitunga yako." Kesho yake nikaenda na nusu ya kitunga. Nusu nyingine niliiacha chini ya kitanda. Nilikuwa mwanafunzi, sikuwa mjinga.

Miaka sita nilikaa kwake. Alinifundisha kuponda udongo wa kichuguu cha mchwa na kuuchanganya na pumba za mpunga, maana udongo ule peke yake hupasuka, na pumba zikiungua huacha vijitundu vya kupumulia. Alinifundisha kutengeneza mfano kwa nta ya nyuki, kuufunika kwa udongo, kuupasha moto mpaka nta itoke, halafu kumimina shaba mahali nta ilipokuwa. Alinifundisha kunyunyiza vumbi la chupa juu ya shaba inayoyeyuka, ili isitoe moshi mweupe mwingi. Moshi ule niliudharau mara moja tu. Jioni nilitetemeka kama mwenye malaria, meno yanagongana, Saidi akinifunika kila nguo ya nyumbani. Asubuhi nikaamka mzima, nikaanza kuuheshimu.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa lingine. Siku moja nilichota maganda kwa mkono mzima nikayamwaga kwenye chungu cha kuyeyushia bila kuyatazama. Moja lilikuwa bado halijalia, baruti ingali ndani. Lililia pale pale. Chungu kilivunjika, makaa yaliruka mpaka juu ya paa, mimi nikajikuta nimelala kifudifudi nyuma ya kinu cha jirani. Nilipoinua kichwa, Mzee Ramazani alikuwa amekaa mahali pake, ameshika kofia yake mkononi, kidole chake kimepita kwenye tundu jipya.

"Mwamini," akasema polepole, "ile vita ilikwisha zamani. Weye unaianzisha tena?"

Tangu siku ile sikutia ganda motoni bila kulitazama sehemu mbili. Geuza makalio yake: risasi iliyopigwa ina kovu katikati. Halafu tazama mdomo, utie na kijiti ndani, maana kuna risasi zilizopigwa zikakataa kulia, zina kovu na bado zina baruti. Kovu peke yake lisikudanganye.

Baba mkwe alipofariki, tulihamia kijijini kwa Saidi, upande wa Lusangi, kwenye njia ya kwenda Kabambare. Kule nako ardhi ilikuwa na vita vyake vya zamani, tena wanawake wa Kibangubangu walipojua kwamba kuna mtu anayetaka vitu vile, waliniletea badala ya kuvitupa mtoni. Vyungu vitatu vilijaa chini ya kitanda. Nilitengeneza bangili, kengele za mbwa wa kuwinda, vijiko. Saidi alilima, mimi nilifua shaba. Watu walisema maneno yao, wakachoka.

Kisha Wazungu wakaanza kupigana huko kwao, na uzito wa vita ukaanguka juu yetu. Kila mwanamume alitakiwa kwenda porini kutafuta utomvu wa mpira. Polisi walizunguka vijijini kuwasaka waliojificha. Mmoja aliingia nyumbani kwetu bila hodi, akapiga magoti kutazama kama kuna mtu chini ya kitanda, akatia mkono kwenye chungu. Aliutoa kama aliyeumwa na nyoka.

"Hii ni ya nani?"

Wakati ule mtu mweusi kukutwa na risasi bila kibali lilikuwa jambo la minyororo, na maganda kwao yalikuwa ndugu wa risasi. Mimi nilifungua mdomo. Saidi akanitangulia.

"Ni yangu," akasema.

Mpaka leo nalikumbuka neno lile. Mtu aliyelalamika miaka yote kwamba maganda yanamchoma mgongo, siku yalipotaka kumuua akasema ni yake. Walimfunga kamba mikononi, wakawatwisha wanakijiji vile vyungu, wakaenda naye Kabambare. Nilifunga bangili nne, kengele moja na nyundo yangu ndogo kwenye kitambaa, nikawafuata nyuma kwa miguu.

Nilikaa siku mbili kwenye ngazi za ofisi. Siku ya tatu Mzungu mkuu wa pale alikubali kunisikiliza. Alijua Kiswahili, kile cha amri.

"Bwana," nikamwambia, "maganda ni yangu. Mume wangu amesema uongo."

"Mwanamuke anafanya nini na duye?"

Nikafungua kitambaa. Akaishika kengele, akaitikisa, akaiweka chini. "Hii ilifanya mwanaume. Na mwanaume anayejua kuyeyusha shaba anajua kutengeneza risasi. Atakwenda Kindu, kwa buloko kubwa."

Watu walikuwa wakienda kwenye gereza lile, na kurudi kwao ilikuwa bahati. Na hapo hapo, nikiwa bado nimesimama, akaingia Tomasi, munganga wa dispansari, mtu wa Kasongo kama mimi, amevaa koti jeupe lililochafuka matope. Mkononi ameshika kitu cha shaba.

"Bwana, pampu imekufa kabisa," akasema. "Ulimi umepasuka. Wagonjwa wanakunywa maji ya mto, na tumbo linawamaliza. Wawili wamekufa juma hili."

Mzungu akasema alikwisha kuandika barua, lakini kwa sababu ya vita hakuna chombo kinachotoka Ulaya. Wangoje.

Mimi nilikuwa nakitazama kile kitu. Kilikuwa kisahani kinene chenye mguu mfupi chini yake. Pampu ikivutwa kinainuka kuyapisha maji, ikiachwa kinashuka kuyazuia yasirudi. Kilikuwa na ufa toka ukingoni mpaka katikati.

"Munganga, nipe nione," nikasema.

Tomasi akanipa kabla Mzungu hajasema kitu. Nilikigeuza, nikakipima uzito, nikakigonga kwa kucha. Shaba. Sauti yake ilikuwa ndugu ya maganda yangu.

"Hiki naweza kukitengeneza," nikasema.

Mzungu alicheka. Tomasi hakucheka. "Bwana," akasema, "mutu wa Kasongo akisema neno kama hili mbele ya watu, iko na sababu. Tunapoteza nini?"

"Unataka nini?" Mzungu akaniuliza.

"Chungu kimoja cha maganda yangu. Makaa. Na mume wangu. Yeye ndiye anayenivutia mvukuto. Bila yeye moto hauwaki."

Huo, wajukuu zangu, ulikuwa uongo mtupu. Saidi hakuwahi kuvuta mvukuto hata siku moja. Lakini nilitaka atoke kwenye kamba, na nilitaka kumwona.

"Siku tano," Mzungu akasema. "Ukishindwa, mutakwenda Kindu wote wawili."

Tuliweka tanuru nyuma ya dispansari. Mhunzi mmoja wa pale alituazima mvukuto wa ngozi ya mbuzi, polisi mmoja akakaa juu ya gogo kutulinda. Saidi akaletwa, ana alama za kamba mikononi. Hatukuweza kusemezana mbele ya polisi, kwa hiyo nilimkaripia. Ndiyo njia pekee mke anayoweza kuongea na mumewe hadharani bila mtu kushangaa.

"Vuta sawasawa! Leo umekuwaje? Umesahau kazi?"

Alikuwa anavuta kama mtu anayefukuza kuku. Majivu yalikuwa yanamrudia usoni. Akainama karibu yangu akanong'ona, "Nitasahau vipi kitu sijawahi kujua?"

Polisi akauliza, "Weye, unafanya hii kazi tangu lini?"

"Tangu ndoa," Saidi akajibu, huku anakohoa.

Nilimfundisha kwa matusi. "Mkono huu ushuke kabla ule haujapanda! Moto unataka pumzi ndefu, si kwikwi!" Mpaka jua linakuwa kichwani, alikuwa anavuta vizuri kuliko vijana wengi niliowaona baadaye.

Siku ya pili nilimimina. Nilikuwa nimeujaza ule ufa kwa nta, nikaukandamiza ulimi wa zamani kwenye udongo, nikapata umbo lake sawasawa. Nilipovunja udongo, kilitoka kitu kizuri, hakina tundu, kinang'aa kama yai la jua. Tomasi alipiga makofi. Tukakipeleka kwenye pampu, nikakiweka mahali pake.

Kilicheza. Kilikuwa kidogo. Si sana, unene wa ukucha tu, lakini maji hayasamehi hata unene wa ukucha. Tulivuta, yakapanda kidogo, yakarudi chini. Polisi akatema mate, akageuza uso.

Nilikaa pale kwenye matope. Nilikuwa nimefuata kila kitu alichonifundisha Mzee Ramazani, na sikuona kosa. Nilipima ulimi wa zamani na ule mpya kwa uzi. Mpya ulikuwa mdogo pande zote, kana kwamba mtu ameunyoa. Nani ameunyoa?

Wakati ule kando ya pampu alikuwa anapita mama mmoja na chungu kipya kichwani, bado chekundu, hakijapikiwa hata mara moja. Nikakitazama chungu kile, na hapo ndipo nilipocheka kwa sauti hata Saidi akadhani akili imenitoka. Kila mwanamke aliyefinyanga anajua kwamba chungu kinapungua. Kikiwa kibichi ni kikubwa, kikikauka kinajikunja. Ukitaka chungu cha kuku mmoja, finyanga cha kuku mmoja na shingo yake. Basi shaba nayo ikitoka kwenye moto kwenda kwenye baridi inajikunja. Kwenye bangili hakuna anayeona, maana mkono hausemi. Pampu ilikuwa imesema.

Nilichukua nta, nikaupaka ulimi wa zamani pande zote, unene wa ukucha na kidogo zaidi. Udongo safari hii niliukausha siku nzima, sikutaka unyevu unirushie shaba usoni. Siku ya nne tukamimina. Ulitoka mkubwa kidogo, jinsi nilivyotaka, maana kikubwa kinasuguliwa, lakini kidogo hakiongezwi. Nikaupaka masizi ya taa chini yake, nikauweka mahali pake, nikauinua: penye masizi yaliyofutika ndipo panapogusa. Nikapasugua kwa mchanga laini na mawese. Nikapaka tena, nikasugua tena. Mchana kutwa, na asubuhi ya siku ya tano, mpaka masizi yakafutika duara zima, hakuna hata mahali pamoja paliporuka.

Saidi ndiye aliyevuta mkono wa pampu. Mara ya kwanza, upepo. Mara ya pili, upepo. Mara ya tatu bomba likakoroma, na maji yakatoka machafu, kisha meupe, yakaendelea kutoka. Tomasi aliweka kichwa chake chini ya maji na koti lake jeupe. Wanawake wa wagonjwa walikuja mbio na ndoo, wakapiga vigelegele, mmoja akanishika mkono akautazama ndani na nje, kama anatafuta kitu kimefichwa.

Mzungu alikuja jioni, akanawa mikono, akatazama maji yanavyotoka. Akasema Saidi aende nyumbani. Asante hakusema. Na vyungu vyangu vingine viwili alivizuia, vikapelekwa nisikokujua. Niliumia, sitawaficha. Ilikuwa miaka ya kuinama shambani. Lakini nilirudi njiani na mume wangu, mikono yake haina kamba, na nyuma yetu pampu ilikuwa inalia.

Habari ilitembea haraka kuliko sisi. Kabla ya mvua za mwaka ule kwisha, wanawake walianza kuja, wengine kutoka mbali upande wa Salamabila, kila mmoja na maganda yake amefunga kwenye jani la mgomba. Chini ya kitanda pakajaa tena.

Kisha siku moja, wakati wa kuvuna mpunga, nikamwona mzee mwenye kofia ya darizi anapanda njia ya kwetu akiegemea fimbo. Mzee Ramazani alikuwa amepita moja kwa moja mpaka Kabambare kwanza, safari ya siku nne kwa umri ule, akamwomba Tomasi amfungulie pampu. Ndipo akarudi kwetu. Hakutaka hata maji ya kunywa.

"Nimeiona," akasema. "Nimeishika. Nani alikufundisha?"

"Weye, baba."

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Mimi nimefanya shaba maisha yangu yote. Kitu chenye kuzuia maji sijafanya. Nilijaribu zamani, mara mbili. Kila mara kilitoka kidogo, nikaona ni uchawi, nikaacha. Hii umeitoa wapi?"

"Kwa wafinyanzi, baba. Kwa wamama."

Saidi alikuwa amesimama mlangoni, anangoja mzee aseme neno la kutuvunja au la kutusifu. Mzee akavua viatu vyake, akavuka kizingiti, akakaa kwenye mkeka wangu wa kazi, mahali ambapo mwanafunzi anakaa.

"Mwamini," akasema, "nionyeshe."

Nilileta kile kisahani cha zamani chenye ufa, ambacho Tomasi aliniachia, pamoja na nta, nikavitia mkononi mwake. Vidole vile vilivyonifundisha vikaanza kupaka taratibu, ulimi wake umetoka pembeni ya mdomo.

"Nyingi mno, baba," nikamwambia. "Punguza kidogo."

Akapunguza.